Isale Chini ya Picha

Wekeni kidole hapo mlipoishia kusoma, mfunge Biblia kidogo, mnisikilize. Leo sina mkulima wala mchunga kondoo. Nina dada mmoja wa mjini aliyekuwa akijipatia riziki kwa kupamba picha.

Msicheke, ni kazi. Mnampelekea picha zenu za harusi, za ubatizo, za marehemu wenu, naye anazipanga kwenye kompyuta ukurasa kwa ukurasa, anaandika maneno mazuri, anazizungushia maua na majani, kisha anawatumia albamu nzima kwenye simu. Maua yenyewe wala hayachori. Yapo mtandaoni, yametengenezwa na watu wa nchi za mbali, yeye anayachota tu kama maji ya bomba. Bibi harusi wa Sengerema akizungushiwa maua ya Ulaya, nani atauliza?

Basi akajiwa na baba mmoja wa makamo, mtu wa mlimani, kule Kilimanjaro, aliyehamia mjini na mambo yakamnyookea. Mama yake alikuwa amefariki, na ukoo ulikuwa unakaribia kufanya kumbukumbu yake. Alitaka albamu ya maisha ya mama, itumwe kwa watoto na wajukuu wote. Akatoa picha nyingi, moja baada ya nyingine, huku akisimulia na kutabasamu. Alipofika kwenye picha za mdogo wake wa kiume, uso ukamgeuka.

"Huyu mwekee moja tu," alisema. "Watu wasije wakasema nimemtoa."

Dada hakuuliza, lakini ya watu hayana kifuniko. Mke wa yule baba ndiye aliyekuja kumwambia. Mama alipofariki, mdogo mtu alikuwa kusini, na mvua ilikuwa imekata barabara. Akapiga simu kumsihi kaka yake wamngoje. Kaka akajibu kwamba wageni wameshafika, wakazika. Mdogo alipowasili alikuta udongo mbichi na viti vinakusanywa. Alisimama pale kaburini, hakumlaumu mtu, akaondoka. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusemezana. Wazee wa ukoo walijaribu kuwapatanisha, mchungaji alijaribu, wote wakarudi mikono mitupu. Kaka mtu alikuwa na neno moja tu: aliyechelewa ni aliyechelewa.

Haya, turudi kwa dada yetu. Kazi alikuwa ameimaliza. Kurasa zote alikuwa amezizungushia majani mekundu, yale ya miti inayopukutisha kabla ya majira ya baridi huko ughaibuni. Yalipendeza kweli. Kabla ya kuituma albamu, akaikuza picha ya mama amesimama mlangoni kwake, ili aondoe doa dogo shavuni. Ndipo akaona kilichokuwa nyuma ya mama. Kulikuwa na migomba na mibuni, na kando ya uzio palikuwa na safu ya mmea wenye majani marefu, mapana, ya kijani inayong'aa. Akafungua picha nyingine ya pale nyumbani, mmea ule upo. Mama bado msichana, upo. Mama amebeba mtoto mgongoni, upo. Mama ameshika mkongojo, bado upo.

Ndugu zangu, dada yule akaogopa. Sijui niiteje hofu ile, lakini aliondoa mikono kwenye kompyuta kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu. Kitu hicho kilikuwa kimesimama nyuma ya mama maisha yake yote, naye alikuwa akikifunika kwa majani ya watu wengine. Mama huyu majira ya baridi hakuyajua. Theluji aliyoijua ni ile ya kileleni, ambayo aliitazama kila asubuhi kutoka mlango wa jikoni.

Alipomwambia mumewe kwamba anaanza upya, mumewe alishangaa. "Nani anaangalia majani?" akamuuliza. "Wataangalia sura."

"Mama aliyaangalia," akajibu. "Tena kila siku."

Akayafuta yale mekundu yote. Akafuatisha kingo za jani la mgomba, za ua jeupe la mbuni, na za ule mmea wa uzioni ambao hata jina lake hakulijua. Aliuchukua kwenye picha zilezile, akalinganisha picha na picha, akahakikisha ncha inapinda vile inavyopinda kule nyumbani kwa mama. Alipofika ukurasa wa mdogo mtu, akakuta picha moja tu, na nafasi kubwa tupu chini yake. Ukurasa ulikuwa kama meza iliyoandaliwa kwa mtu asiyekuja. Hakupenda uonekane hivyo. Akalichukua jani moja la ule mmea, akalilaza chini ya picha, peke yake. Kisha akaituma albamu kwa yule baba, na yule baba, bila kufika mwisho, akaisambaza kwenye kundi la ukoo.

Haikupita siku nyingi akapigiwa simu. Aje haraka, na kompyuta yake. Akaenda. Alimkuta baba yule amesimama katikati ya sebule, simu mkononi. Dada akamwamkia, na hakuitikiwa.

"Binti," baba akasema, "nani alikutuma uniombee msamaha?"

Wale mliotoka mlimani naona mnatikisa vichwa, nyinyi mmeshaelewa. Wengine niwaeleze. Mmea ule unaitwa isale. Kwa Wachaga ndio mpaka wa shamba, ndio unaopandwa kaburini, na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake. Jani hilo linamsemea. Na anayepelekewa isale hakatai, hata kama moyo wake unachemka, kwa sababu hivyo ndivyo babu zake walivyoishi. Sasa ukoo wote ulikuwa umeliona jani hilo, na mdogo mtu, huko kusini, alikuwa amefungua albamu iliyotoka kwa kaka yake, akakuta picha yake, na chini ya picha, isale.

Dada akajieleza kwamba hakujua, kwamba alitaka tu mama azungukwe na vitu vya kwao. Baba hakutaka kusikia. Alimwamuru alitoe jani lile saa hiyohiyo, na awaandikie ukoo mzima kwamba ni kosa la mpamba picha, kaka mtu hakutuma kitu. Dada akakaa chini, akafungua kompyuta magotini, akautafuta ukurasa. Akaligusa jani. Ikabaki kubonyeza tu, lifutike.

Mlangoni wakasikia hodi.

Aliingia mwanamume mwenye begi begani na vumbi la safari kwenye viatu. Dada alimtambua mara moja kwa ile picha moja.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Isale lako limenifikia. Nilijiambia siku ukinipelekea hata kipande cha jani, nakwenda. Ndiyo nimekuja."

Niambieni, wapendwa, ingekuwa wewe ungefanyaje? Ukweli ulikuwa mwepesi: si mimi, muulize huyu binti. Ushahidi ulikuwa pale pale magotini. Kaka mtu akamtazama mdogo wake, akaitazama kompyuta, akamtazama dada. Dada akaondoa kidole. Mke wa kaka mtu akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Marahaba, mdogo wangu," kaka mtu akasema hatimaye. Akaanza kulia. "Nilipaswa kukungoja."

Dada akafunga kompyuta, akajitoa taratibu. Alipofika getini akageuka kuutazama mlango ule. Jani lile yeye alikuwa ameliweka kuziba pengo tu.

Sasa nawauliza: nani alilituma? Kaka hakulituma, kiburi kilimkataza. Dada alilitafuta, ila hakujua anabeba nini. Na ile nafasi tupu iliachwa na nani, kama si kinyongo cha kaka mwenyewe? Mungu akaitumia hiyohiyo. Mimi nikilifikiri jambo hili naogopa, nanyi mkiogopa kidogo si vibaya.

Lakini sikilizeni. Yale majani mekundu yangebaki, mdogo mtu angesema picha nzuri, akairudisha simu mfukoni. Sisi tunapenda majani mekundu. Mwenzetu amefiwa, tunamtumia maneno tuliyoyachota kwenye simu, mazuri, ya kila mtu, hayamjui marehemu wala yeye. Tunaona uvivu kukuza picha na kuangalia nyuma ya mtu kuna nini. Tufanye kazi ndogo kwa ukweli, hata ile isiyoangaliwa na mtu, maana hatujui Mungu ameitia nini ndani yake.

Na wewe uliyekunja mikono hapo, uliyeapa kwamba huna kosa. Kuna mtu yuko njiani anakuja kwako. Amesikia umelainika, sijui kasikia kwa nani. Akipiga hodi, usimwambie si wewe uliyemwita. Mwitikie salamu yake.