Kichwa cha Sangara wa Bi Nyafuru

Hapo zamani, ila si zamani za babu zenu, maana rili zilikwisha kufika sokoni, mjane mmoja aitwaye Bi Nyafuru aliishi kando ya ziwa na wanawe watatu: Bwire, Magoti na kitinda mimba wao, binti Nyangeta. Marehemu mumewe aliacha mtumbwi mmoja na neno moja: "Atakayevua sangara wa kwanza baada ya matanga yangu, mpeni kichwa chake ale. Atakayekula kichwa, mtumbwi ni wake."

Bwire akauza fahali, akanunua rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Iling'aa, ikazunguka bila kelele. Alilala nayo kitandani. Mkewe akahamia mkekani. Lakini hela zilikuwa zimeisha, akaifunga mshipi wa zamani wa baba yake, uliooza kwa jua.

Magoti akauza beberu, akanunua rili ya bei poa, inayolia kama mashine ya kusaga. Chenji akanunulia mshipi mpya na ndoana kali.

Nyangeta hakuuza kitu. Mshipi wake aliuzungushia kopo la maziwa.

Asubuhi wakasimama mwambani. Bwire akarusha, mshipi ukakatika, ndoana ikaenda zake. Magoti akarusha, sangara akanasa! Magoti akazungusha, rili ikalia krr, krr, kra! Meno ya ndani yakasagika, mpini ukambakia mkononi, mshipi ukakimbilia ziwani.

Nyangeta akatupa kopo, akajifunga kitenge mkononi, akaukamata. Ukapenya kitenge, ukamchana kiganja. Hakuachia.

"Fanyeni upesi kaka zangu, naumia!"

Bwire akaukata mshipi nyuma ya mkono wa dada yake, akaufunga kwenye rili yake, akavuta, akavuta, mpaka sangara akalala mwambani akipigapiga mkia.

Samaki akapikwa. Bi Nyafuru akaweka kichwa bakulini, asimpe yeyote, maana aliwapenda wote, na mtumbwi haupasuliwi vipande vitatu.

"Mama, rahisi ni ghali," akasema Bwire. "Rili yake imekufa kwa samaki wa kwanza. Bila yangu tungekula ugali kwa chumvi. Kichwa changu!"

"Rili yako nzima, lakini ilinasa nini?" akajibu Magoti. "Umevisha kilemba kichwa chenye njaa! Sangara alimeza ndoana yangu, akaja kwa mshipi wangu. Kichwa changu!"

Nyangeta akafunua kiganja. "Hiki hakiuzwi dukani. Magoti, wewe ulishika mpini; Bwire, wewe ulishika rili tupu. Samaki nilimshika mimi. Kichwa changu!"

"Na kopo lako lilivua nini?" wakamuuliza wote wawili. Na kweli, kopo halikuvua hata dagaa.

Bi Nyafuru akashusha pumzi. "Nikimpa Bwire, kesho atauza na nyumba anunue ufito wa kuvulia, aifungie rili yake. Nikimpa Magoti, ataninunulia na kasia la karatasi. Nikimpa Nyangeta, hawa wawili watanuna mpaka mavuno. Nami nawataka wote mezani kwangu."

Paka akasogea karibu na bakuli. Yeye hakuwa na hoja, alikuwa na njaa tu.

Haya, ninyi mnaocheka, mchuzi unapoa na mama wa watu anawasubiri: aliyelipa ghali, aliyelipa kidogo, na aliyelipa kwa kiganja, je, nani alistahili kichwa?