Mize na Banda la Halwa

Hapo zamani, kabla yenu ninyi mlioketi hapa na kabla yangu mimi, palikuwa na mji mmoja kisiwani Pemba ulionukia karafuu kila upande, isipokuwa kichochoro kimoja kilichonukia iliki na zafarani. Katika kichochoro hicho alikaa Mize binti Shaame.

Baba yake alikuwa mpishi wa halwa. Harusi isiyo na halwa ya Shaame, watu waliisema mwaka mzima. Shaame akafariki. Akamwachia binti yake sufuria kubwa, mwiko mrefu kama kasia na banda sokoni. Matanga yakaisha, watu wakaanza kuuliza: "Mize, unafungua lini?"

"Karibuni, inshallah," akajibu Mize. "Bado naijaribu."

Na kweli aliijaribu. Kila asubuhi aliwasha moto, akakoroga wanga na sukari, akatia samli kidogo kidogo, akakoroga mpaka bega likamuuma na halwa ikaacha kushika sufuria. Kisha akakaa chini, akaonja, akafumba macho. Akasema, "Bado."

Leo imelegea: bado. Kesho imekaza: bado. Keshokutwa imekaa vizuri, haikulegea wala haikukaza, lakini rangi si ile ya baba: bado. Na ile iliyokuwa bado aliipakia katika vikapu vya ukili, akavisukuma uvunguni mwa kitanda asivione mtu.

Msidhani alikuwa mvivu. Mvivu hawezi kushika mwiko ule. Kilichomtesa ni hofu. Kila alipofikiria kufungua banda aliwaona watu wa mji mzima wamesimama mbele yake, wanaonja halwa yake, wanatazamana, wamenyamaza. Kimya kile ndicho kilichomkatisha pumzi.

Siku moja akaja msimamizi wa soko. "Bi Mize," akasema, "banda la marehemu limefungwa, panya wanazaliana humo. Idi Kubwa ikipita hujafungua, nampa muuza samaki wa kukaanga. Usije ukanilaumu."

Mize akapika zaidi, akala kidogo, akalala kidogo. Akaonja. "Bado."

Sasa, katika nyumba ile alikaa pia Kazija, mke wa kaka yake, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Kazija aliyaona yote. Ikawa harusi kwa jirani, na Mize amekwenda kisimani. Kazija akapiga magoti, akaingiza mkono uvunguni, akatoa vikapu vyote, akavipeleka harusini. "Halwa ya Mize hiyo," akasema, "kuleni."

Watu wakala. Wakaramba vidole. Kazija akarudi mbio na vikapu vitupu, kanga inamdondoka kwa furaha. "Wifi! Wifi we! Wameimaliza!"

Mize akabadilika rangi. "Umeingia uvunguni kwangu? Umewapa watu halwa mbovu kwa jina langu?"

"Mbovu gani? Nakwambia wamemaliza!"

"Watu wa harusini wana njaa, Kazija! Hata ukili wa vikapu wangeula!"

Akaacha kusema naye. Kulipokucha wanawake wakabisha hodi, wanataka halwa ile waliyokula jana. Mize akawajibu kupitia mlango uliofungwa: "Bado!" Wakaenda zao wakishangaa.

Habari zikamfikia Mzee Faki. Mzee Faki naye aliuza halwa, banda lake likitazamana na la Shaame, na wawili wale walishindana maisha yao yote. Akashika bakora yake, akaja kichochoroni, akakaa barazani kwa Mize.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Moshi wako nauona kila siku. Halwa siioni."

Mize akajaribu kucheka, akashindwa. "Siipati, mzee. Siipati ile ya baba. Ile nyeusi iliyompa jina."

Mzee Faki akacheka mpaka akakohoa, mpaka Mize akamletea maji. "Ile nyeusi?" akasema. "Mwanangu, ile iliungua."

"Iliungua?"

"Iliungua! Mbuzi wangu alikula mkeka wa baba yako. Baba yako akaacha sufuria motoni, akaja kwangu kugomba. Tukagombana weee. Aliporudi, sukari imeungua, imekuwa kama lami. Kesho yake sikukuu, na sukari nyingine hana. Basi akaipeleka sokoni hivyo hivyo. Aliyeuliza akaambiwa, 'Hii ni halwa nyeusi, wanaijua wenyewe.' Watu wakaipenda! Tangu hapo akawa anaiunguza makusudi, na hakuna sufuria mbili zilizofanana. Leo chungu kidogo, kesho tamu kupita kiasi. Hukuonja wewe?"

Mize alikuwa ameonja. Alikuwa ameonja utoto wake wote, na alidhani zile tofauti zilikuwa za ulimi wake. Akacheka, machozi yakamtoka, akacheka tena. Asubuhi akaibeba halwa, ikiwa kama ilivyotoka motoni, akaenda kufungua banda.

Lakini mikono ilimtetemeka. Kila aliyekuja, Mize alimwomba radhi kabla hajampimia. "Nisamehe, imelegea kidogo." "Nisamehe, lozi hazikutosha." Watu wakanunua, wakasema nzuri, Mize asimwamini hata mmoja.

Akaja Bi Tumu. Bi Tumu ulimi wake ulijulikana. Hata maharusi walimwogopa. Akanunua, akaenda zake akila njiani. Alipofika katikati ya soko akasimama. Akageuka. Akarudi, na sauti yake ikamtangulia:

"Mize! Halwa yako imezidi iliki! Nimehisi natafuna sanduku la manukato!"

Soko likanyamaza. Watu wakatazamana. Kimya kile alichokiogopa Mize kilikuwa kimefika, nacho kimemkuta amesimama na mwiko mkononi. Akangoja ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka. Paka akapita. Muuza samaki akageuza samaki wake.

"Kesho punguza," akasema Bi Tumu. "Na sasa nipimie nyingine, nimpelekee mama."

"Si umesema imezidi iliki?"

"Nimesema imezidi iliki. Nimesema siitaki?"

Mize akahisi kifua kinafunguka, kama mtu aliyefungwa kibwebwe tangu siku ya mazishi, na sasa fundo limeachia. "Kumbe ni hiki tu?" akasema. "Ndicho hiki tu nilichokuwa nikikiogopa?" Akampimia Bi Tumu, akamzidishia, na mkono haukutetemeka. Usiku ule alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Siku ya pili akapunguza iliki. Mmoja akaja kusema sasa iliki haipo kabisa. Mize akamcheka, akamwambia, "Basi kesho njoo uionje tena."

Idi ikapita, banda likabaki lake. Akapatana na Kazija, wakakumbatiana wakilia. Akawaita Kazija, Mzee Faki na Bi Tumu bandani, akawapakulia halwa na kahawa chungu. Kisha akatoa sinia la shaba la baba yake, lililopakuliwa halwa katika harusi za wakubwa, akasema kwa furaha bila kufikiri sana: "Mmoja wenu alinitoa kifungoni. Sinia hili ni lake. Alichukue."

Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Ni langu," akasema Kazija. "Nani aliyeitoa halwa uvunguni? Bila mimi ingekuwa humo mpaka leo inaliwa na sisimizi. Wala Mzee Faki asingesikia habari."

"Uliiba," akasema Mzee Faki taratibu. "Na baada ya kuiba, mlango ulifunguliwa? Aliufunga zaidi. Mimi ndiye niliyeufungua, na wateja niliompa walikuwa wateja wangu. Tangu siku ile nauza nusu ya nilichokuwa nikiuza."

Kazija akamkazia macho. "Mzee wangu, nisamehe. Hebu apa kwamba halwa ile iliungua kweli."

Mzee Faki akainua kikombe, akanywa kahawa yake yote mpaka machicha. "Shaame amekufa," akasema, "na mimi nimezeeka. Kumbukumbu zangu niachieni mwenyewe."

Bi Tumu akapiga kofi. "Mnasikia? Huyu mwizi, na yule hajulikani kama ni mkweli! Mize alifungua banda, ndiyo, lakini akitetemeka kama mwenye homa. Sifa kazisikia tangu mtoto, zilimponya? Mimi nilimwambia kasoro yake mbele ya watu, akaona haimuui."

"Ulikuja kugomba, Bi Tumu, hukuja kumsaidia!" akasema Kazija.

"Ndiyo, nilikuja kugomba. Sikuwa na nia nyingine. Lakini alipona siku gani? Mwulizeni mwenyewe!"

Wakamgeukia Mize. Mize wa zamani angeumiza kichwa mpaka alipate jibu lisilo na doa, na asingelipata. Mize huyu akaliweka sinia mezani, akafunga kanga yake vizuri, akawaambia watu wote wa sokoni: "Ninyi mnaokula halwa yangu, amueni. Mimi sufuria yangu iko motoni."

Akaenda zake kukoroga. Watu wa sokoni wakabishana mpaka jua likazama, na wengine walirudi nyumbani hawasemezani.

Haya, nanyi mmesikia. Kazija alimpenda, lakini aliiba, na alipoiba akamtia uchungu. Mzee Faki alimfungulia mlango, labda kwa uongo, na hasara akaibeba yeye. Bi Tumu hakumpenda wala hakumhurumia. Alisema kweli tu, akarudi kununua. Sinia ni moja, nalo halikatiki.

Je, nani alistahili?