Shali ya Mtoto wa Twiga

— Furushi limefika!
— Lifungue!
— Lina nini ndani?
— Lina kisa!
— Kisa cha nani na nani?
— Cha mdogo na mkubwa!
— Na nani ataaibika?
— Mkubwa!

Ala! Mshaanza kunimalizia kisa changu hata sijaketi vizuri. Haya, nyamazeni sasa. Na wewe uliyejifunika shuka pale nyuma, usiniletee usingizi wako hapa.

Hapo kale, katika nchi ya milima yenye baridi ya kung'ata masikio, wanyama wote walikuwa wafumaji. Ukimkuta mtu njiani, ana donge la uzi kwapani. Ukimkuta kwake, ana sindano za kufumia mkononi. Wakaunda na chama, Chama cha Wafumaji, na katibu wa chama alikuwa Kalunguyeye, kale kanyama kadogo kenye miiba mgongoni. Jina lake Sikitu.

Nani alimwita kwa jina hilo? Wadogo wenzake tu. Wakubwa walimwita Wa Miiba tu. "Wa Miiba, pisha njia!" "Wa Miiba, andika barua!" Sikitu alipisha, Sikitu aliandika, na moyoni alinuna. Jina lile lilikuwa la bibi yake, fundi aliyewazidi mafundi wote wa milima ile, na Sikitu mwenyewe hakujaliwa mtoto wa kumrithisha. Siku atakayokufa yeye, na jina limekwisha. Hilo lilimuuma kweli kweli.

Basi Mama Twiga akajifungua. Mtoto ana shingo hiyo, na baridi ndiyo hiyo! Mama Twiga akatangaza: "Mwanangu nitamtoa nje siku ya arobaini. Atakayemletea shali ya kumtosha shingo nzima, huyo ndiye atakayempa mtoto jina lake."

Na mtoa jina, kwa desturi ya huko, hukalishwa mkekani mbele ya watu wote, akatengewa sufuria zima la pilau la peke yake.

Sikitu aliposikia, moyo ulimdunda du, du, du. Jina la bibi likae juu kule, kwenye kichwa cha twiga! Lakini shali ya shingo ya twiga si kazi ya mtu mmoja, na wafumaji wenyewe mmoja yuko kilima hiki, mwingine kilima kile. Akafikiri, akachukua kalamu, akawaandikia wote:

"Wapendwa wanachama, tushindane kirafiki. Timu ni mbili, kila timu shali moja. Mmoja ataanza. Uzi ukimwishia, afunge furushi, alitie posta, limfikie mwenzake aendeleze, mpaka shali itimie. Na kazi itahesabiwa kwa msingi wake, kama tulivyozoea. Wenu katibu, Sikitu."

Msingi, kwa msiofuma, ni ule mstari wa kwanza kabisa unaoshikilia nguo yote. Kila ukoo una msingi wake. Kobe na ndugu zake hufuma vyumba vyumba. Kinyonga na ndugu zake hufuma rangi mbili mbili. Ukoo wa Sikitu msingi wao ni wa meno meno, kama miiba iliyopangwa mstari, na aliyeubuni ni yule bibi. Nguo ikiokotwa njiani, watu hutazama msingi, wakamrudishia mwenyewe. Hakuna aliyewahi kubisha.

Timu ya kwanza ikawa Sikitu, Kinyonga na Kobe. Timu ya pili ikawa Fisi na shemeji yake Ngiri. Fisi hakuwa na haja ya jina. Fisi alisikia sufuria, na alipokwisha kusikia sufuria hakusikia tena kingine.

Sikitu akaanza. Chiki-chiki, chiki-chiki! Akaweka msingi wa meno meno, akapanda juu yake, chiki-chiki, mpaka ikatimia pima nzima. Akafunga furushi, akampa Mbuni, tarishi wa posta. Mbuni akatia mfukoni, akatoka mbio, puku-puku-puku-puku!

Siku tatu baadaye barua ikarudi kutoka kwa Kinyonga. "Dada Sikitu, salamu sana. Furushi limefika. Nimelifungua nikakuta majani makavu. Je, huo ndio mtindo mpya?"

Sikitu akasoma mara mbili. Akaketi pale pale mlangoni, akalia. Pima nzima! Kazi ya wiki nzima! Alipochoka kulia akamngoja Mbuni.

"Mbuni ndugu yangu, juzi ulipumzika wapi?"

"Mimi? Sipumziki popote mimi! Labda kwa Bwana Fisi kidogo. Ana kivuli kizuri, hunipa na maji. Nikisinzia, mfuko ananitundikia barazani. Mtu mkarimu mno yule!"

"Eti eeh?" akasema Sikitu.

Akaenda, taratibu, taratibu, mpaka kwenye ua wa Fisi, akachungulia. Lo! Fisi huyo, kajitandaza barazani, shali ya Sikitu iko mapajani, naye anafuma juu yake, chaka-chaka, chaka-chaka! Ngiri yuko pembeni anakunja uzi.

"Lakini shemeji," akasema Ngiri, "na huu msingi wa meno meno je? Watu si watautambua?"

"Wasiwasi wa nini?" akasema Fisi. "Kuanza ndiyo kazi, na kuanza nimekwisha anziwa. Huo msingi nitaufumua asubuhi ya sherehe, niweke wangu."

Haya, mafundi wangu mshaanza kucheka. Ngojeni tuwaeleze wenzenu. Nguo ya kufuma, wanangu, hufumuka kutoka mwisho. Ukiishika mwishoni ukavuta, fyuuu, yote inakuja. Ukiishika mwanzoni ukavuta, inakaza, inajikunja, inakukodolea macho. Ukitaka kuufikia msingi, sharti kwanza ufumue kazi yako yote uliyoweka juu. Mtoto wa miaka sita wa milima ile alilijua hilo. Fisi angelijuaje, naye hajawahi kuanza kitu maishani mwake?

Sikitu alikuwa amefungua mdomo apige kelele za mwizi. Akaufunga. Akajikung'uta vumbi, akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele.

"Hodi hapa! Shikamoo, Bwana Fisi."

Fisi akaikalia shali upesi. "Marahaba, Wa Miiba. Za kwako? Shali yenu inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri sana, Bwana Fisi. Nyie je?"

"Aah, sisi tunajikongoja tu."

"Poleni na kazi," akasema Sikitu, akaaga. Alipofika bondeni alicheka mpaka miiba ikamsimama yote.

Kesho yake akawapitia Kobe na Kinyonga kwa miguu yake mwenyewe, akawaambia kwa mdomo: "Wenzangu, stareheni. Kunyweni uji. Shali yetu imepata fundi." Kisha akarudi nyumbani, akaandika barua, akaifunga vizuri, akampa Mbuni. Puku-puku-puku-puku! Mbuni kivulini, kororo. Mfuko barazani. Fisi akafungua barua, pasu! Akasoma: "Ndugu Kinyonga, hongera! Pima zetu sasa mbili kamili. Fisi hatupati ng'o!"

"Pima mbili?" akasema Fisi. "Hata majani makavu hayakuwazuia! Shemeji, lete uzi!" Chaka-chaka, chaka-chaka! Akatimiza pima tatu.

Sikitu akafunga kifurushi, akampa Mbuni. Puku-puku-puku-puku! Mbuni kivulini, kororo. Mfuko barazani. Fisi akafungua, pasu! Ndani mna madonge mawili ya uzi mwekundu, laini, na karatasi: "Ndugu Kobe, huu ndio uzi wa kumalizia. Ule mwingine utamwasha mtoto shingoni."

"Uzi wa bure!" akasema Fisi. "Shemeji, shika hapa!" Chaka-chaka, chaka-chaka! Akatimiza pima nne.

Sikitu akaandika barua ya tatu, akampa Mbuni. Puku-puku-puku-puku! Mbuni kivulini, kororo. Fisi akafungua, pasu! Akasoma: "Wenzangu, tusisahau vishada vya nyuzi pindoni. Mama Twiga anapenda vishada kupita kiasi. Arobaini vitatosha."

Fisi akafunga vishada arobaini. Vidole vikamvimba. Shingo ikamkaza. Macho yakamwiva kama pilipili. Ngiri alishindwa, akasingizia msiba, akaenda zake kwao. Fisi akabaki peke yake na sindano, anaota sufuria macho wazi. Huku kwetu Sikitu anapalilia bustani yake, anajipikia viazi, anachomoza jioni kuwasalimu majirani.

Siku ya arobaini ikawadia. Asubuhi Fisi akaishika shali, akatafuta ncha ya uzi pale kwenye msingi, akavuta. Ikakaza. Akavuta tena. Ikajikunja. Akavuta kwa meno, shali nzima ikafanya makunyanzi.

"We!" akasema Fisi. "Hebu fumuka basi!"

Ikakataa katakata. Na ngoma zishaanza kulia, di-ndi, di-ndi, na harufu ya pilau inapanda mlimani. Fisi akaona isiwe taabu. Akaukunja msingi kwa ndani, akaufunika kwa vishada, akatupa shali begani, akatoka mbio.

Uwanja umejaa pomoni. Mama Twiga amesimama katikati, na mtoto anatetemeka chini ya mama yake. Fisi akaikunjua shali, na watu wote wakashika vinywa. Pima nne! Nyekundu mwishoni! Vishada arobaini! Watu wakapiga vigelegele, na Fisi akaanza kuutazama mkeka.

Mama Twiga akamtafuta katibu. "Na timu yenu, Wa Miiba, mmeleta nini?"

Sikitu mikono mitupu. Alikuwa akiitazama shali, juu, chini, juu, chini, na meno meno hayaoni. Fisi amekwisha kuufumua? Amefumua yote akafuma upya? Ikiwa ndivyo, basi jina la bibi limezikwa leo, tena mbele za watu.

"Mvalishe kwanza mtoto, Mama Twiga," akasema, na sauti ilimtetemeka. "Mvalishe kama desturi, msingi juu, kidevuni."

"Aa, desturi za nini na mtoto anaumwa na baridi!" akasema Fisi. "Mviringishie tu!"

"Mwanangu wa kwanza huyu," akasema Mama Twiga. "Atavikwa kama watoto wenzake." Akainamisha shingo yake ndefu, akatafuta msingi, akasogeza vishada, akaukunjua. Meno meno hayo, yamesimama mstari mmoja, hakuna hata moja lililokatika.

"Eeeh!" watu wakasema. "Msingi wa Kalunguyeye!"

"Uongo!" Fisi akabweka. "Wangu! Nimeubuni mimi!"

"Sawa kabisa," akasema Sikitu, na sasa sauti haikutetemeka hata kidogo. "Uzi huu hapa, na sindano hizi hapa. Tuanzishie mwingine kama huo, Bwana Fisi. Meno matano tu yatatosha."

Fisi akashika sindano. Akazungusha uzi huku, akaupitisha kule, akafunga fundo. Akafunga fundo jingine. Akajifunga na kidole. Kobe akacheka mpaka akaangukia mgongo, ikabidi ageuzwe.

"Lakini nimefuma mimi!" akalia Fisi. "Pima tatu zote hizo nimefuma mimi! Vidole vyangu hivi, vitazameni! Na vishada nimefunga mimi, vyote arobaini!"

"Nani kakataa?" akasema Sikitu. Akatoa daftari la chama, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Timu ya kwanza. Sikitu, pima moja. Bwana Fisi, pima tatu na vishada. Ndugu Kinyonga na Ndugu Kobe, uji. Bwana Fisi, timu yako inakushukuru sana. Hatujawahi kupata mwenzetu mwenye bidii kama wewe."

Kicheko kilichopigwa pale kiliwatoa ndege mitini. Fisi akatia mkia katikati ya miguu, akapita kando kando ya uwanja, na sufuria akalinusa tu kwa mbali.

Sikitu akakalishwa mkekani. Sufuria lenyewe lilikuwa kubwa kumshinda, akala kijiko kimoja, akawaita Kinyonga na Kobe wale naye. Mama Twiga akamwinamia mpaka pua zikagusana.

"Haya mtoa jina, tuambie. Mwanangu ataitwa nani?"

Watu wote wakasogea karibu. Wengi wao, aibu yao, walikuwa ndiyo kwanza wanangoja kulisikia jina lake, maana barua zake hawakuzisoma mpaka kwenye sahihi. Sikitu akasimama juu ya mkeka, akajinyoosha kadiri alivyoweza, akasema: "Sikitu. Kama mimi. Na kama bibi yangu."

Tangu siku hiyo, kila jua likianza kushuka, Mama Twiga husimama mlimani akaita: "Sikituuu! Sikitu weee! Rudi nyumbani!" Sauti inashuka bonde hadi bonde, na wakubwa wote wanaisikia, watake wasitake. Bondeni, Kalunguyeye huacha sindano zake, akajifanya hajasikia, ili jina liitwe mara ya pili.

Sasa fundisho, maana najua mama zenu watawauliza. Fundisho ni hili: fanyeni kazi kwa bidii, wanangu, bila kupumzika, mpaka vidole vivimbe, kama Bwana Fisi. Msiwe kama Sikitu, aliyefuma pima moja akaenda kupalilia bustani. Na barua za watu msizifungue, isipokuwa mnajua kufuma.

— Kisa kimekwisha?
— Kimekwisha!
— Aliyekipenda?
— Aende nacho kwao!
— Asiyekipenda?
— Atunge chake!