Kompyuta Isiyokuwa na Mwaka

Nimesimuliwa kisa hiki nami nimeshindwa kukaa nacho peke yangu. Kisome ukiwa umetulia, kisha mpelekee mtu ambaye mzazi wake bado yu hai.

Palikuwa na binti aitwaye Nakijwa, mzaliwa wa Same, mtoto wa kwanza wa mzee Mgonja. Baba yake alikuwa mlinzi wa chuo kimoja pale mjini. Tangu utotoni Nakijwa alikuwa na wimbo mmoja tu: akikua atasomea kompyuta. Kuiona kwenyewe alikuwa ameiona kupitia dirisha la ofisi ya chuo, siku aliyompelekea baba yake chakula cha mchana. Alirudi nyumbani na vyombo, akasahau mfuniko wa hotipoti.

Mwaka 2000 alimaliza kidato cha nne, akafaulu. Baba yake akamwita sebuleni.

"Mwanangu, mwaka huu sitaweza kukulipia ada. Nivumilie. Mwakani utaenda."

Mwaka wa pili ukafika, na maneno yakawa yale yale. Nakijwa hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake, akaenda Moshi kwa shangazi yake kujifunza ushonaji.

Krismasi ya mwaka huo alirudi kuwasalimia. Alipofika mlangoni, miguu iligoma kuingia. Juu ya meza ya sebuleni palikuwa na kompyuta ya mezani, skrini yake ile nene yenye kisogo, na kasha lake pembeni. Mbele yake alikuwa ameketi mdogo wake, Eliamani, ameinamisha kichwa, anasoma.

Nakijwa akajisemea moyoni, "Kumbe! Kwa mtoto wa kiume imepatikana."

Hakuuliza. Alikula, akaosha vyombo, akacheka palipostahili kuchekwa, na kesho yake akaaga.

Kuanzia hapo nyumbani akawa anaonekana kwenye misiba na harusi tu. Walipomzika mama yao alikaa siku zilizolazimu, akaondoka. Baba yake akimpigia simu alijibu kwa heshima zote, lakini kwa maneno machache, kama mtu anayeongea na mwenye nyumba wake. Eliamani alisoma hadi chuo kikuu, akapata kazi Dodoma. Kila habari njema yake ilimchoma Nakijwa, na ilipomchoma alijichukia, kwa sababu mdogo wake huyo hakuwahi kumkosea.

Miaka ikaenda. Nakijwa akawa fundi cherehani mwenye jina pale Moshi. Mzee Mgonja alistaafu, magoti yakaanza kumsumbua. Siku moja akapiga simu.

"Mwanangu, njoo uchukue ile kompyuta. Ni yako."

Nakijwa akaenda. Alikuta imeshafungwa kwa blanketi, kamba imepita pande zote. Mzee alisimama pembeni ameshika fimbo, anamtazama, kama anayesubiri kitu.

"Ahsante, Baba," Nakijwa alisema. Basi. Akaita bajaji.

Ndani ya basi la kurudi Moshi alikuwa na uchungu kama wa siku ile ya kwanza. Mdogo wangu ameshaichoka, aliwaza, ndipo nami nakumbukwa. Hakutaka hata ilale nyumbani kwake. Aliposhuka stendi aliipeleka moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta aitwaye Hoza, mwenye kibanda jirani na soko.

"Nataka kuiuza," alimwambia.

"Sawa, mama. Ya mwaka gani? Hilo ndilo swali la kwanza la mnunuzi."

"Elfu mbili na moja," Nakijwa alijibu papo hapo. Mwaka ule hakuhitaji kuukumbuka.

Fundi Hoza aliigeuza. Kibandiko cha nyuma, ambacho kingemweleza, kilikuwa kimefutika chote. Akapitisha kidole kwenye matundu ya kuchomekea nyaya.

"Ganda, hili kasha la nje, ni la zamani kuliko unavyosema. Umbo hili na rangi hii ya maziwa ni vya tisini na saba, tisini na nane hivi. Lakini ganda linaweza kukudanganya. Ngoja tutazame tumboni."

Akafungua skrubu, akawasha tochi, akainama. Alimwonyesha tarakimu ndogo zilizoandikwa juu ya vidude vyeusi. "Hizi za mwanzo ni mwaka kilipotengenezwa. Hizi zinazofuata ni wiki."

Akasoma cha kwanza. Akasoma cha pili. Akakuna kichwa, akasoma tena.

"Mama, mbona hii haina mwaka?"

"Haina mwaka vipi?"

"Ina miaka mingi. Ubao mkuu huu ni wa 2003. Kipande cha kumbukumbu ni cha 2006. Diski ni ya mwaka uliofuata. Na hiki kisanduku cha umeme ni cha 2011." Akazima tochi. "Hii haikununuliwa dukani. Kuna mtu ameiunga kipande kwa kipande, kadiri alivyopata. Na huyo mtu si fundi. Tazama, nyaya amezifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Ila ana subira ya ajabu. Hakuna alichokosea."

Nakijwa aliinama kutazama mle ndani. "Sasa mimi niliiona nyumbani mwaka elfu mbili na moja. Wakati huo humu ndani kulikuwa na nini?"

"Hewa, mama. Uliliona ganda."

Alitoka nje ya kibanda. Eliamani aliondoka nyumbani kwenda chuo kikuu mwaka 2004. Mwaka 2011 alishakuwa na mke na kazi. Ni nani tena aliyekuwa akiungiwa kompyuta katika nyumba ile? Akachukua simu.

"Eliamani, ile kompyuta ya nyumbani uliitumia mpaka lini?"

Mdogo wake akacheka. "Niitumie mimi? Dada, nani angethubutu? Nilikuwa nasomea pale kwa sababu meza ilikuwa moja. Baba kila akipita ananiambia, sogeza daftari lako, utaikwaruza kompyuta ya dada yako."

Nakijwa aligeuka, akaitazama kompyuta mle kibandani.

"Haloo? Dada? Si ulikuwa unajua?"

Simu ilibaki sikioni hata baada ya kukatika. Wapita njia walimwona mwanamke mtu mzima analia kando ya barabara mchana kweupe, wakadhani amefiwa. Aliporudi ndani, fundi Hoza alikuwa amebadilisha betri ndogo ya kwenye ubao na kuunganisha umeme.

"Njoo uone," alisema.

Asubuhi yake Nakijwa alipanda basi la kwanza kwenda Same. Alimkuta baba yake uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Alivua viatu, akakaa chini karibu naye, akachukua konzi ya maharage, naye akaanza kuchambua.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Mzee hakuuliza anazungumzia nini.

"Ulipoondoka, nilimwomba mkuu wa chuo lile ganda, lilikuwa linatupwa. Na ile skrini. Nikasema nitatafuta vya ndani kidogo kidogo, nikuite ikiwa kamili. Mafundi wa chuo wakibadilisha kitu, cha zamani wananiachia, na wananionyesha kinapokaa." Akapuliza maganda mkononi. "Nilikuwa nimekuahidi mara mbili, nikashindwa mara mbili. Sikutaka kukuahidi mara ya tatu. Nilitaka siku hiyo nikwambie tu, hii hapa."

"Miaka yote hiyo, Baba?"

"Nikipata kipande kimoja, naambiwa kile cha mwanzo kimepitwa na wakati. Halafu ukawa mtu mzima, una kazi yako. Nikajua umeshapita pale pa kutaka kompyuta. Lakini niache vipi, nawe ni wewe?"

Nakijwa aliegemeza kichwa kwenye goti la baba yake, lile linalouma, na mzee hakulisogeza. Akamweleza aliyoyaona mlangoni Krismasi ile, na yote aliyoyaamini tangu hapo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya kilemba cha binti yake.

"Pole, mama yangu," alisema. "Umebeba mzigo mzito bure."

Kisha Nakijwa akauliza, "Hivi wewe mwenyewe uliwahi kuiwasha?"

"Thubutu! Na kama ningeiunguza?"

"Fundi ameiwasha jana."

Mzee Mgonja aliweka ungo chini. "Ikawaje?"

"Imewaka, Baba. Skrini yote. Fundi amesema hukukosea hata kimoja."

"Fundi wa Moshi?"

"Fundi wa Moshi."

Mzee alifunika mdomo kwa kiganja, macho yamejaa, mabega yanatikisika kwa kicheko kama cha mtoto. Alipopata sauti alimvuta binti yake akae juu, kwenye kigoda cha pili.

"Hebu nisimulie tena. Alipobonyeza, ilianzaje?"

Funzo: Usimhukumu mtu anayekupenda kwa jambo uliloliona mara moja ukiwa umesimama mlangoni. Ingia, kaa naye, umuulize, angali yupo wa kukujibu.