Mtamba wa Mwantumu na Watatu Waliokataa

Sogeeni karibu. Hadithi hii haina sungura wala jini, na mwisho wake sitausema mimi, mtausema ninyi. Anayependa kutafuniwa kila kitu kama mtoto asiye na meno, mlango ule pale.

Katika milima ya Usambara kipo kijiji kiitwacho Kwemsambu. Wakulima wa kabichi wa hapo walikuwa na baiskeli moja ya umeme, mali ya kikundi, yenye kiti kirefu nyuma cha kubebea tenga au mtu. Waliikabidhi kwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Hoza, kinyozi. Saluni yake ina umeme, na ukutani kuna simu za kijiji kizima zinachajiwa. Lakini betri ya baiskeli ilikuwa na meza yake peke yake, juu ya bati, mbali na pazia na mbali na mafuta ya nywele, na chaja yake haikuruhusiwa kugusa kitu kingine. Kipaji cha Hoza kilikuwa subira. Hakuna aliyewahi kumharakisha, hata bwana harusi aliyenyolewa nusu kichwa huku watu wanamsubiri.

Wa pili ni Shemzigwa, fundi baiskeli. Huyu kipaji chake kilikuwa masikio. Ukipita mbele ya kibanda chake atakwambia, bila kuinua kichwa, kwamba cheni yako imekauka, nati ya gurudumu la nyuma imelegea, na wewe mwenyewe ni mzembe.

Wa tatu ni Mwajabu, mwendeshaji. Hakuwa na mbio. Vijana wa bodaboda walimwita Konokono, naye akiitwa hivyo anaitika. Kipaji chake ni kwamba maneno ya watu hayakuweza kumkanyagisha pedali hata mara moja zaidi ya alivyotaka mwenyewe.

Haya, sasa sikilizeni kilichowakuta.

Kulikuwa na mjane, Mwantumu, mama wa watoto wanne, anayelima shamba aliloachiwa na mumewe. Shemeji yake, Shekalaghe, akadai mpaka uko chini zaidi, na kwamba nusu ya shamba lile, nusu yenye maji, ni yake. Shauri likaenda baraza la kata, kule Makose, ng'ambo ya bonde. Wazee wa baraza wakasema waziwazi: siku ya mwisho ni kesho, na mjane asipoleta shahidi, wanakata shauri kwa maneno waliyonayo. Maneno waliyonayo yote yalikuwa ya Shekalaghe.

Shahidi alikuwepo. Bi Saumu, bibi kizee, ndiye aliyepanda yale masale ya mpakani kwa mikono yake, pamoja na mama mkwe wa Mwantumu, enzi za ujana wao. Isale ni mmea wa kuheshimiwa; ukipandwa mpakani, hapo ndipo mpaka. Lakini Shekalaghe alikuwa ameyang'oa yote na kusema hayakuwahi kuwepo. Na Bi Saumu miguu ilikuwa imekataa. Kutoka kitandani mpaka uani ni safari, sembuse Makose.

Mwantumu akaenda kukodi bodaboda. Akakuta zote mbili za kijiji zimekodiwa na Shekalaghe kwa siku nzima ya shauri, moja ya kubeba shahidi wake, na nyingine ya kukaa tu.

Basi akasimama mbele ya saluni ya Hoza, watu wamejaa, akasema bila kupepesa: "Bi Saumu akifika barazani kabla hawajakata shauri, mtamba wangu wa kahawia nampa aliyemfikisha. Nampa mtu mmoja. Na mtamba huyo hauzwi wala hachinjwi."

Mtamba huyo alikuwa na mimba ya kwanza, na kijijini hapo hapakuwa na ng'ombe mwingine wa kumfanania. Mwantumu naye akisema neno halirudishi. Hilo kila mtu alilijua.

Baiskeli ilirudi kutoka sokoni alasiri ile ile, imenyeshewa na kujaa matope. Mwajabu akachomoa betri, Mwantumu akaibeba mwenyewe mpaka kwa Hoza, akamwambia aichomeke sasa hivi.

Hoza akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa bado na joto la njiani, na kwenye meno yake ya shaba kulikuwa na maji. Akasema hapana. Akaipangusa kwa kitambaa kikavu, akaiweka mezani ipoe na kukauka, akaendelea kunyoa. Jirani mmoja akaleta chaja ya pikipiki yake ya umeme iliyokwisha kufa, kubwa kama tofali, akasema hiyo itaijaza betri kabla kichwa kilichopo kitini hakijaisha kunyolewa. Hoza akasema hapana, chaja ya mwenzake si chaja yake. Mama mmoja, kwa huruma tu, akaleta blanketi, maana ukungu ulikuwa unashuka na betri isije ikapata baridi. Hoza akalikunja blanketi akamrudishia. Betri inapochajiwa inataka kupumua.

Ilipokauka ndipo akaichomeka. Ulipofika wakati wa kufunga saluni, akaichomoa. Mwantumu nusura amrukie. Hoza akamwambia kwamba yeye halali na moto usio na wa kuutazama, na kwamba kijiji cha pili kuna mtu aliamka na godoro linawaka kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya sala ya alfajiri akaichomeka tena, akaketi mbele yake.

Jua likachomoza. Betri ilikuwa na taa tano za kuonyesha chaji, na nne zilikuwa zimewaka. Mwantumu akasema nne zinatosha, mbona sokoni ilikwenda na tatu. Hoza akajibu kwamba sokoni ni mteremko, lakini Makose kuna kupanda, tena na mtu nyuma. Mwantumu akamtukana. Akaitukana saluni, akaitukana na mikono iliyomnyoa marehemu mumewe.

"Dada," Hoza akasema, "nitukane mpaka ijae. Ikijaa nitakukabidhi, wala sitakuwa na kinyongo."

Ikajaa. Betri ikapachikwa kwenye baiskeli, na baiskeli ikasukumwa mpaka kwa Shemzigwa kwa ajili ya salamu tu, maana watu walidhani yamekwisha.

Shemzigwa akainua gurudumu la nyuma akalizungusha, akatega sikio. Akabana breki. Akabana tena. Raba za breki zilikuwa zimeliwa na matope ya jana mpaka zinakwaruza chuma. Akasema hapana, baiskeli haitoki.

Hapo Mwantumu aliketi chini kwenye vumbi. Watu wakapandisha sauti. Wakamwambia fundi kwamba jana tu baiskeli ile ile, kwa breki zile zile, imekwenda sokoni na kurudi salama.

"Jana ilibeba kabichi," akasema Shemzigwa. "Kabichi ikianguka tunaipika."

Raba mpya hazikuwepo kijiji kizima. Shemzigwa akaleta baiskeli yake mwenyewe, ile anayozunguka nayo vijijini kutafuta riziki, akaipindua matairi juu, akazing'oa raba zote nne. Akazifunga kwenye ile ya umeme. Akajaza upepo kwa kipimo cha watu wawili, akakaza spoku mbili zilizokuwa zinalialia, akapangusa cheni akaitia mafuta, akaangalia waya wa mota mahali unapoungana. Hakuna alichoruka. Baiskeli yake yeye ikabaki imelala pale, haina breki, haina kazi.

Jua lilikuwa limepanda vya kutosha kumtia mtu wazimu.

Bi Saumu akaletwa ameshikwa huku na huku, amevaa khanga zake mbili za kutokea, pindo zinapepea. Mwajabu akamtazama, akatazama gurudumu, akasema hapana. Kwanza khanga zikusanywe zifungwe kiunoni, zisije zikaingia kwenye spoku zikamvuta bibi chini. Halafu avae helmeti.

Bi Saumu akasema amezeeshwa na mengi, lakini hajawahi kujifunga sufuria kichwani, na barazani hataki kuingia kama mpishi wa harusi.

"Bibi," Mwajabu akamwambia taratibu, "wanachokihitaji kule Makose kimo ndani ya kichwa hicho. Nami nimetumwa kukifikisha kizima."

Bibi akaipokea. Akavaa, juu ya ushungi wake.

Wakaondoka. Njia ya Makose inaanza kwa mteremko mkali uitwao Kwa Mahiza, mwembamba, wenye kona usiyoona mbele yake, na mvua ya jana ilikuwa imeacha utelezi. Mwajabu akawa anabana breki na kuachia, mbele na nyuma pamoja, baiskeli inatembea kama mtu anayebeba maziwa. Bi Saumu nyuma akaanza kuungua kwa haraka. Alijua jua limefika wapi. Akamwambia Mwajabu aachie breki, mteremko si wa kushuka kwa kunyata, wazee wa baraza hawasubiri kule. Mwajabu akasema hapana. Bibi akampiga kofi la mgongoni. Mwajabu akasema hapana tena, kwa sauti ile ile.

Wakaikata kona. Katikati ya njia bodaboda imelala ubavu, dereva amekaa kando ameshika kifundo cha mguu, na shahidi wa Shekalaghe yuko mtaroni na kiatu kimoja. Wao waliachia.

Mwajabu akabana. Raba zikashika. Gurudumu la mbele likasimama mahali ambapo ungeweza kunyoosha mkono ukagusa ile bodaboda. Akashuka, akaiegesha baiskeli, akawatazama majeruhi kama wana uhai wa kungoja, akamsaidia dereva kuiburuta bodaboda pembeni, akawaahidi kutuma watu kutoka Makose. Bi Saumu, kitini, helmeti imemwangukia jicho moja, akamuuliza yule wa mtaroni kama bado anakumbuka kwamba masale hayakuwahi kuwepo. Yule akaendelea kutafuta kiatu chake cha pili.

Kisha mlima. Mota ikaguna, na zile taa za betri zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine. Mwajabu akakanyaga pedali kuisaidia, jasho linamwingia machoni. Ikabaki taa moja. Ikaanza kupepesa. Ilizimika mbele ya jengo la baraza, gurudumu linagusa ngazi.

Ndani, mwenyekiti alikuwa amekwisha kuwaambia watu wasimame asome uamuzi.

Bi Saumu akaingia ameshikwa na Mwajabu, helmeti kichwani, khanga zimefungwa kiunoni kama anakwenda kulima. Hakuna aliyecheka. Alipoketi akasema, na alichosema ni kifupi: siku walipopanda masale, chini ya kila moja walizika shingo ya chungu kilichovunjika, maana mmea hung'olewa, lakini chungu hakioti miguu kikahama kilipozikwa. Wakachimbe.

Wakatumwa wazee wawili na jembe, na mtu wa Shekalaghe akiwatazama. Walirudi kabla jua halijazama na shingo tatu za chungu. Shamba likabaki la Mwantumu, lote, na upande wenye maji.

Kesho yake Mwantumu akamtoa mtamba zizini, akamfunga kamba, akasimama naye mbele ya saluni, akauliza nani ampokee.

Hoza akasema yeye. Taa ya mwisho ilizimikia kwenye ngazi za baraza. Angekubali taa nne, ingezimikia katikati ya mlima, na Bi Saumu angeketi pale kama mzigo wa kuni. Na angeichomeka mbichi, au kuifunika blanketi, huenda wasingekuwa na betri wala saluni.

Shemzigwa akasema yeye. Betri ijae mpaka imwagike, haisimamishi baiskeli. Raba zake ndizo zilizosimamisha, tena alizitoa mwilini mwa kazi yake, na tangu jana anakwenda kwa miguu. Wenzake wametoa maneno na jasho; ni nani kati yao aliyetoa kitu chake?

Wakamgeukia Mwajabu. Akasema betri imejaa na breki nzima, lakini vyote viwili havina akili. Bodaboda iliyolala njiani nayo ilikuwa na mafuta tele na breki mpya. Waliobaki kijijini walibaki salama. Kama ni kuanguka, angeanguka yeye na bibi.

Shemzigwa akamuuliza angebana nini kama si raba. Mwajabu akamuuliza raba zingebanwa na nani. Hoza akawauliza wote wawili wangefikaje kwenye ugomvi huo bila kupanda mlima. Na hapo wakakwama, na mpaka leo wamekwama, wala hakuna aliyerudi nyuma hata unyayo.

Watu wakashauri wamfuge kwa zamu. Mwantumu akakataa. Alisema mtu mmoja, na yeye hakushinda kesi ya mpaka ili aanze kusogeza maneno yake mwenyewe.

Nanyi msiniambie wagawane maziwa. Anayesema wagawane hajaamua, amekimbia. Msiniambie pia kwamba mwenye haki ni Bi Saumu. Yeye amekwisha kusema hataki ng'ombe, anataka kulala.

Mtamba yuko pale, kiwele kimeanza kujaa, siku zake za kuzaa zimekaribia, na mwenye kumkatia majani hajulikani. Mwantumu ameshika kamba na mkono umeanza kumchoka. Wewe uliyenyamaza muda wote huu, simama. Ungekuwa yeye, kamba hiyo ungeiweka katika mkono wa nani, na wale wawili ungewaambia nini wakiwa wanakutazama usoni?