Kiboko Aliyeuliza Wengi Wanafanyaje

Nianze au nilale?

— Anza.

Nikianza, nani ataomba maji katikati?

— Hakuna, tumekwisha kunywa.

Haya. Walikuwako.

— Wawepo, tuwaone.

Walikuwako wanyama wa mbuga ya Msonga na bwawa lao moja. Mvua ilikataa, jua likawaka, bwawa likapungua mpaka likawa kama sinia la pilau baada ya wageni kuondoka. Nusu ya maji yaliyobaki aliyakalia Kiboko. Aliyakalia, akayanywa, akayachafua, kisha akalalamika kwamba ni machafu.

Asubuhi moja akatoa kichwa, bwii, akasema, "Jamani, tumezidi."

"Tumezidi nini, Bwana Kiboko?" akauliza Nyumbu.

"Idadi. Tumekuwa wengi mno. Ndiyo maana maji hayatoshi."

Wanyama wakatazamana. Kila mmoja akaona ni kweli, wenzake wamezidi. Hakuna aliyeona kwamba yeye mwenyewe amezidi, na hakuna aliyelitazama lile tumbo.

"Wa kupunguzwa ni wapotovu," akasema Kiboko. "Na mpotovu ni yule anayefanya kisichofanywa na wengi. Mimi simhukumu mtu. Mimi nauliza tu, mnajibu wenyewe."

Hapo ndipo desturi ilipoanza. Kila asubuhi Kiboko anatoa kichwa, bwii, anauliza.

"Wengi wanaimba usiku?"

"Hawaimbi."

"Nani anaimba?"

"Chura."

"Mzomeeni."

Uuu, uuu, uuu. Chura akaruka, dunda, akaruka, dunda, akatokomea vilimani.

Kesho yake, bwii.

"Wengi wakinywa maji wanatanua miguu?"

"Hawatanui."

"Nani anatanua?"

"Twiga."

"Mzomeeni."

Uuu, uuu, uuu. Twiga akaondoka, na kwa shingo ile hakuwa na pa kuficha uso. Kanga, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, alizomea kuliko wote. Baadaye alisema alikuwa anasafisha koo.

Na Kiboko kila akifukuzwa mmoja anajinyoosha kidogo zaidi ndani ya bwawa, aaah, maji yanampanda mpaka begani.

Basi alikuwako Pimbi. Pimbi ni mdogo kama sungura, mnene kidogo, anaishi kwenye mawe, hana mkia. Alikuwa na wanawe, na kitindamimba alikuwa na homa. Midomo ilimkauka, na kila akifumbua macho aliomba maji. Maji mengine yalikuwa mtoni, ng'ambo ya vilima, safari ambayo mtoto yule asingeiweza.

Kanga akamjia mawe kwa mawe, akamnong'oneza, "Shoga, kesho ni mkia."

"Mkia umefanyaje?"

"Wengi wanao. Wewe na wanao hamna. Nimemsikia Kiboko akilifanyia mazoezi swali lake."

"Na wewe utatuzomea?"

"Sasa nifanyeje, mwenzangu? Nisipozomea nitabaki peke yangu."

"Haya, zomea. Ila uje na sauti, shoga. Usiniangushe."

Kanga akaondoka akishangaa, maana alitegemea machozi. Pimbi hakulia. Kulia kunataka maji. Alishuka mpaka ukingoni akapiga hodi.

"Unataka nini, mzazi?" akauliza Kiboko.

"Nimekuja kuaga, Bwana Kiboko. Kesho nikizomewa nitaondoka bila maneno, najua sina mkia. Ila roho inaniuma kwa ajili yako. Wapo wanaosema sheria yako ni ya wanyonge tu. Wanasema akikosea mkubwa utaangalia pembeni."

"Nani anasema?"

"Wengi."

Neno hilo lilimchoma Kiboko kuliko mwiba, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelitukuza.

Kulipokucha akatoa kichwa, bwii, akapaza sauti. "Sheria hii ni ya wote. Mdogo, mkubwa, hata awe nani. Afanyaye kisichofanywa na wengi azomewe, aondoke."

Nyumbu wakapiga kwato chini, di di di, kwa furaha. Walipenda sana sheria isiyowahusu.

"Wengi wana mkia?"

"Wanao."

"Nani hana?"

"Pimbi."

"Kabla hamjanizomea," akasema Pimbi, amesimama juu ya jiwe, mtoto mgonjwa mgongoni, "naomba na mimi niulize mara moja tu. La kuagia."

Kiboko alikuwa ameshiba sifa. "Uliza. Upesi, kuna joto."

"Wengi wanashinda wapi mchana? Majini au nchi kavu?"

"Nchi kavu."

"Nani anashinda majini?"

Nyumbu hawafikiri, hawajawahi kuona sababu. Wakajibu kwa pamoja, "Kiboko." Na kwa kuwa midomo ilikwisha kuizoea njia, ikaendelea yenyewe: uuu, uuu, uuu. Kanga akasikia uuu, hakuuliza ni ya nani, akaiunga kwa nguvu zake zote.

Kiboko akapanua kinywa, ng'waaa. Angeweza kuwatafuna wote, meno anayo. Lakini alikuwa ameonja kuitwa mwadilifu, na utamu ule ulikuwa bado ulimini.

"Si mimi peke yangu," akasema. "Yuko Chura. Muulizeni Chura."

"Chura ulimfukuza," akasema Pimbi.

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Hakuna mwenzake hata mmoja.

"Kwani nani kawaambia mimi ni wa majini?" akasema. "Nilipita tu. Mimi ni wa nchi kavu kama nyinyi. Tazameni."

Akapanda ukingo, bwata, bwata, bwata, akasimama juani kama gunia lililosahauliwa. Bwawa nyuma yake likabaki wazi. Pimbi akateremka na wanawe, akamlaza kitindamimba ukingoni, akamnywesha tone kwa tone mpaka ulimi ukalainika. Wengine walipomwona anakunywa na hakuna anayemzomea, nao wakashuka.

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukakamaa, kacha, ikapasuka, kacha.

"Nafikiri inatosha," akasema. "Sasa naingia kidogo."

"Wengi wanaingia?" akauliza Pimbi, bila kugeuka.

"Hawaingii," wakajibu, maji yakiwachuruzika midomoni. Uuu, uuu, uuu.

"Basi nakwenda ng'ambo ya vilima," akasema Kiboko, "kuwakagua wale wapotovu, nione kama wamejirekebisha."

Akaenda, bwata, bwata, mwekundu kama nyanya, anajikuna kwenye kila mti. Hakuna aliyemsindikiza. Inasemekana alipofika mtoni Chura alisogea kumpisha. Chura hana kinyongo, ana kelele tu.

Kesho yake maji yalitosha. Idadi ilikuwa ileile, kasoro tumbo moja. Mtoto wa Pimbi alikuwa ameketi, anaomba chakula, na hapo ndipo mama anajua homa imeshuka.

Lakini Nyumbu mkubwa akapanda ukingoni. Akatoa kifua. Akakohoa.

"Wengi wanafanyaje?"

Pimbi hakuinua kichwa. "Wengi wanakunywa. Kunywa, unyamaze."

Nyumbu akangoja kidogo, aone kama kuna atakayezomea. Alipoona hakuna, akainama, akanywa.

Funzo lake ni hili, wanangu: fuateni wengi, maana wengi hawakosei. Mkubwa akisema mmezidi, muamkieni, mfungashe, muondoke kwa adabu. Na asiye na mkia autafute.

— Lakini mama, Pimbi je?

Pimbi hana funzo. Pimbi ana maji.

Hadithi yangu imeiva, nimeipakua. Ukoko wa chini ni wangu. Kuleni wa juu, mkalale.