Bonge la Mwisho la Pumzi ya Nyota

Hapo zamani, kabla hamjazaliwa ninyi mnaopenda kubishana, palikuwa na nyota kubwa mno, iking'aa hata adhuhuri. Leo imevimba, kesho imesinyaa. Ilipovimba ilipumua, na upepo wake ulimng'oa mtu kivuli. Asiye na kivuli haumwi. Husahauliwa tu, na majirani, hata na mama yake.

Siku moja upepo ukachukua kivuli cha Riziki, kitindamimba wa Bi Sikitu. Mchana ule mama akapakua chakula, sahani ya Riziki akaisahau. Ndugu zake watatu wakaingiwa na hofu, maana walimpenda.

Watu walisema upepo wa nyota hutoka sawasawa pande zote, hauna pa kupenya mtu akifuate kivuli. Mashavu, dada mkubwa, hakukubali. Akaikodolea macho nyota, akaikodolea, mpaka macho yakaungua.

"Hautoki sawasawa!" akalia. "Unatoka mabonge mabonge, kama uji uliokorogwa na mvivu. Katikati pana mapengo!"

Mapengo yako wapi? Shomvi, wa pili, akauita upepo. Penye bonge, ukamjibu kwa sauti yake mwenyewe. Penye pengo, kimya. Akaita, akaita, mpaka sauti yake yote ikabaki huko juu. Akanyoosha kidole: pale.

Kondo, wa tatu, akapanda kilima, akapenya pale. Akakikuta kivuli cha Riziki kinaning'inia kama nguo kambani. Akakichukua, akakimbia. Pengo likaanza kumfungia njiani, akachomoka, kivuli chake kikanaswa humo.

Riziki akavikwa kivuli chake, na mama akamkumbatia: "Mwanangu!" Nyota ikapumua mara ya mwisho, ikafifia. Bonge moja likaangukia viganja vya Bi Sikitu, vuguvugu, likihema. Liliweza kumrudishia mtu mmoja tu alichopoteza. Na msiniambie aligawe! Ukilikata, linakufa.

Mashavu akasema, "Mama, bila macho yangu mngejuaje kuwa pana njia? Riziki ameokoka, nami sijamwona."

Shomvi akafungua kinywa. Sauti yake ikatoka juu ya paa: "Mama, njia niliionyesha mimi. Nirudishe." Hakuna aliyejua kama aliyesema ni Shomvi au ni upepo.

Kondo akasema, "Mama, aliyeingia ni mimi."

Bi Sikitu akamtazama kwa upole. "Karibu, baba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Bonge linapoa mkononi. Semeni upesi, maana hata mimi jina la huyu wa tatu limeanza kunitoka. Je, nani alistahili?